Usiku Kucha, Tusipate Kitu

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo letu wiki hii ni Luka 5:1-11. Sisi wa Mwanza tunalipenda somo hili kwa sababu ni la ziwa, na kila tukilisoma tunakimbilia kwenye nyavu zilizojaa. Leo naomba tukae kwenye mistari ya mwanzo, kabla samaki hajaonekana hata mmoja.

Wavuvi wameshatoka chomboni, wanaosha nyavu. Hata wavu uliotoka mtupu huoshwa, maana majani na takataka huingia pale samaki wasipoingia. Katika hali hiyo Yesu anapanda chombo cha Simoni, anamwomba akisogeze kidogo kutoka pwani, anakaa na kufundisha makutano. Simoni hajalala, na sasa anangoja mpaka mahubiri yaishe. Akiambiwa atweke mpaka kilindini, anasema la moyoni: “Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu.” Yesu hakumkemea kwa kusema amechoka, wala hakumwambia imani yake ni haba.

Sisi kwa sisi hatusikilizani hivyo. Mwalimu akisema darasa limemlemea, mama wa dagaa anaguna, “Wewe si unakaa kivulini?” Kijana wa bodaboda akilalamika anajibiwa ashukuru, wenzake hawana hata pikipiki. Tunashindanisha uchovu mpaka watu wanaacha kusema, na mtu asiyesema tutamwombea nini?

Mvuvi wa dagaa kazi yake ni siku za giza, wakati taa zinapowavuta dagaa juu ya maji. Mbalamwezi ikitoka anabaki nchi kavu, na watoto wanataka kula vilevile. Mgawo wake unakuja baada ya kutoa mafuta na gharama nyingine. Juu ya hayo kuna hofu, hasa kwetu tunaokumbuka kuzama kwa meli ya MV Bukoba, Mei 21, 1996, na ajali ya kivuko cha MV Nyerere kule Ukara, Septemba 2018. Upepo ukibadilika usiku, mke wake nyumbani naye halali.

Mama anayeanika naye tumtazame vizuri. Dagaa wametandazwa juani, anawageuza huku jicho moja liko angani. Wingu likitokea upande wa ziwa anaita watoto, wanakusanya kwa mikono, turubai linavutwa. Dagaa wakilowa kabla hawajakauka wanabadilika rangi, mnunuzi wa chakula cha watu anawapita, anabaki yule wa chakula cha kuku na bei yake. Mtaji wa mkopo unaweza kuondoka na mvua ya robo saa. Mama huyo akija kwenye maombi akiwa kimya, tusiseme amepoa kiroho.

Muuguzi anayeshuka kilima cha hospitali ya Bugando asubuhi baada ya zamu ya usiku anaweza kuwa amemfumba mgonjwa macho alfajiri ile, kisha anapanda daladala na kwenda kuwaandaa watoto shule. Uchovu wake hauponi kwa usingizi tu. Na bodaboda, mvua inyeshe au abiria wakose, jioni hesabu ya bosi mwenye pikipiki iko palepale.

Sithubutu kumwambia mtu yeyote kwamba akiamini zaidi nyavu zitajaa kesho. Luka haahidi hivyo. Ninachokiona ni kwamba Yesu aliingia chomboni siku ambayo hakikuwa na kitu, na nyavu zilipojaa Simoni hakuweza kuzivuta peke yake. Mstari wa 7 unasema waliwapungia mikono washirika wao wa chombo cha pili waje kuwasaidia. Na katika Marko 6:31, watu walipokuwa wengi hata mitume hawana nafasi ya kula, Bwana yuleyule aliwaita kando wakapumzike kidogo.

Kwa hiyo nina ombi kwa wazee na viongozi wa jumuiya. Ibada zetu za katikati ya wiki ni jioni, saa ambazo mitumbwi ya dagaa inaingia ziwani na wauguzi wa usiku wanajiandaa kwenda kazini. Mbalamwezi ijayo, wavuvi wakiwa nchi kavu, tuwafuate mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, asubuhi, tusome nao Luka 5 palepale, tuwaachie nafasi ya kusema. Wenye zamu za usiku tuwaulize saa gani inawafaa, tuwafuate majumbani.

Na kwenye jumuiya wiki hii, kabla ya maombi, kila mmoja ajibu swali hili, wengine wakisikiliza bila kumkatiza: kazi yako inakubana wapi?