Nilivyoanza kupiga vifuu hewani kwa manati

Mtu akikwambia fumba jicho moja ndiyo ulenge vizuri, msikilize kwa adabu, lakini usimfuate. Ushauri huo umenipotezea kaskazi nzima hapa pwani ya Wete.

Mchezo wenyewe tumeuiga kwa shemeji yangu aliyeko Uingereza. Yuko kwenye klabu ya kupiga visahani vya udongo: mashine inarusha kisahani, upana wake milimita 110 hivi, nawe unakipiga kwa bunduki ya marisaa kikiwa angani. Zamani walirushiwa njiwa hai; kisahani cha udongo alikuja nacho George Ligowsky wa Cincinnati, Marekani, mwaka 1880. Sisi bunduki hatuna. Tuna manati ya panda la mpera, na vifuu vya nazi hapa Pemba havijapata kuadimika.

Mpwa wangu anarusha kuelekea baharini, maji yamekupwa, mbele hapana mtu. Nafumba la kushoto, natuliza mkono, naachia. Kidonge cha udongo kinapita nyuma ya kifuu. Narudia, nyuma tena. Wazee barazani wakasema, "Mwanangu, mpira wako mlegevu." Nikanunua tyubu mpya ya baiskeli, elfu chache zikaenda, na kidonge bado nyuma.

Shemeji ndiye aliyenitoa, kwa simu. Akaniambia niunganishe viganja niache tundu dogo, nitazame mlingoti wa jahazi macho yote wazi, kisha nifumbe moja moja. Nikafumba la kulia, mlingoti upo. Nikafumba la kushoto, mlingoti haupo tena tunduni! Jicho langu linaloongoza, yaani linaloshika shabaha, ni la kushoto, na ndilo nililoambiwa nilifumbe. Siku ileile nikashika panda kwa mkono wa kulia, nikavuta kwa kushoto, macho yote mawili wazi. Vidole vilikuwa vizito mwanzoni, vikazoea.

Na mkono usisimame. Anza nyuma ya kifuu, kifuate, kipite, achia huku mkono bado unakwenda. Kikiwa mbali, kipite zaidi. Kifuu kikavu kikipatwa ukingoni kinalia ta! kinageuka juu chini, na kipande kinarukia upande wake. Nilipiga kelele mpaka wavuvi wakageuka.

Vidonge nafinyanga kwa udongo na kuvianika kivulini, maana juani vinapasuka. Miwani vaeni, jamani, mpira ukikatika unarudi usoni.

Siku hizi tunaviringisha vifuu mchangani pia, kwa kuwa klabu za Uingereza zina kisahani kinachobiringika chini kama sungura anavyokimbia. Hicho kigumu, kikigonga jiwe kinaruka usikotarajia, lakini nimeshakipata mara kadhaa na nitakipata zaidi. Anayetaka kujaribu aje jioni maji yakikupwa, ila aje na vifuu vyake, maana vya nyumbani mama anavitaka jikoni.