Shira ya kaimati ilivyokuwa inanigeukia mchanga

Ramadhani moja nikaanza kuuza kaimati hapa Magomeni, siku mbili za mwanzo safi tu, ya tatu bibi mmoja wa mtaani akanirudia na bakuli lake, mwanangu hii shira umetia mchanga? Nikaonja, kweli bwana, chini sukari imerudi chenga. Nikajua basi haikuyeyuka, kesho yake nikaichemsha zaidi na zaidi, ndo nikaharibu kabisa, asubuhi sufuria lina gamba gumu mpaka nalikwangua na kijiko.

Aliyeniokoa ni mpangaji mwenzangu, anafundisha kemia. Akaniuliza, dada unaweka sukari kiasi gani kwa maji kiasi gani? Kilo moja kwa nusu lita. Akasema hapo huna kosa, maji gramu 100 yakiwa nyuzi 20 yanabeba sukari kama gramu 200, kwa joto letu hili la Dar yanabeba zaidi kidogo, na yakichemka yanafika karibu 490. Kosa ni huko kuchemsha, maji yanaondoka na mvuke sukari inabaki palepale. Tukaweka sufuria kwenye mzani wangu wa unga kabla na baada, maji yalikuwa yamebaki kama gramu 300 tu! Ya moto yanaimeza kilo nzima bila shida, yakipoa hayawezi kubeba hata gramu 700, sasa ile iliyozidi itaenda wapi, ndo hiyo chenga ya bibi. Tena akanambia punje moja tu iliyoganda pembeni inatosha kuzivuta wenzake zote. (Chumvi haina mambo hayo, maji baridi gramu 36, ya kuchemka 39, basi.)

Sasa hivi sukari ikishayeyuka tu mwiko naweka pembeni, sikorogi tena, ukingo wa sufuria naupangusa na kitambaa kibichi, nakamulia nusu ndimu na hiliki, dakika kama kumi nazima. Mama alikuwa anatia ndimu siku zote, mi nikidhani ni ya ladha, kumbe ile asidi inavunja sehemu ya sukari inakuwa glukosi na fruktosi, yaani sukari mbili nyingine ndogo zaidi, na hizo zinaizuia iliyobaki isishikane.

Visheti ndo nafanya kinyume. Ndimu sitii, shira naiachia iwe nzito haswa, namwagia visheti vyangu halafu nageuza geuza bila kupumzika mpaka sukari inaganda nyeupe juu yake. Bibi ananunua vya shilingi elfu mbili kila Ijumaa, na kaimati hajanirudishia tena.