Madaftari mawili na karai moja: jiko langu la Mji wa Kale wakati wa korona

Jumatano ya tarehe 6 Mei 2020, saa za alasiri, unga wa mahamri ulikuwa umeshaumuka na mafuta yanapata moto karaini, redio ya jirani ikasema Mji wa Kale wa Mombasa unafungwa. Kuanzia saa moja usiku hiyohiyo, haingii mtu wala hatoki. Eastleigh kule Nairobi nayo ni vivyo hivyo. Tulikuwa kumi la pili la Ramadhani.

Nikamtazama mpwa wangu aliyekuwa akisukuma donge. Kwao ni Likoni. Nikamwambia, "Mwanangu, nawa mikono, jitande leso uende, usije ukalala huku siku 15."

Akaniuliza, "Shangazi, na unga wote huu?"

"Unga niachie mimi."

Nilimfungia mahamri 30 ya kwanza kutoka karaini akaondoka nayo mbio kuwahi feri. Yaliyobaki nilichoma peke yangu hadi magharibi ikaadhiniwa, na wateja wangu wa magari, wale wa Tudor, Kizingo na Nyali, hakuja hata mmoja. Nilifuturu kwa tende na maji nimekaa juu ya ndoo, nikihesabu.

Nieleze kwanza biashara yenyewe, ili anayesoma aelewe kwa nini kufungwa huko kulinipata vibaya. Ninapika barazani kwangu, Kibokoni. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Jioni ni viazi vya karai, bhajia, kachori na sambusa. Miezi 11 ya mwaka biashara hii hulisha nyumba tu. Mwezi wa Ramadhani ndio hulipa karo na kuweka akiba, kwa sababu watu wa kisiwa kizima na wa ng'ambo huja Mji wa Kale kununua futari, kisha hurudi tena baada ya tarawehe kula mpaka usiku mwingi. Mtu akiniharibia mwezi huo, ameniharibia mwaka.

Na mwezi huo ulikuwa umeshaharibika kabla ya Mei. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Magharibi ya Mombasa mwezi ule iliingia kama saa kumi na mbili na robo. Basi kati ya adhana na kafyu mteja hakuwa na hata saa nzima ya kufuturu, kuvaa viatu, kuja kwangu, kununua na kurudi. Misikiti imefungwa, tarawehe watu wanaswali majumbani, kwa hiyo lile kundi la pili la usiku likatoweka lote. Kafyu ilikata na mwanzo wa siku pia: kuli anayeteremka bandarini na tumbo tupu alikuwa akipita kwangu saa kumi na moja kasoro, gizani. Sasa saa ile ilikuwa hapitiki.

Tarehe 8 Aprili wakafunga Mombasa, Kilifi na Kwale kwa wasafiri. Mizigo iliruhusiwa, kwa hiyo nazi zangu za Kwale ziliendelea kuvuka feri. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwangu. Bila tui hakuna mbaazi, na mbaazi ndizo zinazouza mahamri.

Usiku ule wa tarehe 6 nilitoa madaftari mawili ninayoyaweka chini ya godoro. Moja la watu ninaowadai, moja la watu wanaonidai. Wanaonidai: mwenye nyumba 12,000, duka la jumla la unga, sukari na mafuta 27,500, mzee wa nazi 9,400, na mkopo wa simu ambao nilichukua 10,000 nikatakiwa kurudisha 12,500. Jumla shilingi 61,400. Ninaowadai walikuwa wateja wa mtaani wanaokula kwa mwezi, na daftari lao lilifika kama 38,000. Nilijua fika kwamba hao nao wamefungiwa kama mimi: waongoza watalii wa Ngome ya Yesu ambao watalii hawakuwa nao tangu ndege zisimame mwishoni mwa Machi, wabeba mizigo, fundi wa milango, mwalimu wa madrasa.

Ule mkopo wa simu ndio kosa langu kubwa la mwaka ule. Niliuchukua Aprili kwa haraka, nikiamini kafyu ni ya wiki mbili. Siku ya kulipa ilipopita, walianza kuwapigia watu waliomo kwenye simu yangu: dada yangu, mteja wa Nyali, hata mwalimu wa mwanangu. Kulipa deni hakunitishi, nimezaliwa kwenye nyumba ya biashara. Lakini kusikia jina langu likitajwa vile na mtu nisiyemjua kuliniumiza, na kulinifundisha nianze na deni lipi. Nililimaliza lile kwanza, kwa bangili mbili za dhahabu za harusi yangu. Sijazikomboa mpaka leo.

Kwa yale mengine nilifanya jambo ambalo mamangu alikuwa akilifanya: nilikwenda mwenyewe kabla sijafuatwa. Asubuhi ya Alhamisi nilivaa buibui na barakoa nikaanza na mwenye nyumba, ambaye naye alikuwa amefungiwa humu humu.

Nikamwambia, "Ami, kodi ya mwezi huu siiwezi yote. Nitakupa elfu tano kila tarehe 5, iliyobaki iandike, na mimi naiandika kwangu. Kafyu ikiondoka nitaanza kuipunguza."

Alinyamaza kidogo. "Nina wapangaji wanne," akasema. "Watatu hawapokei simu yangu. Wewe umekuja kwa miguu yako. Haya, leta hilo daftari."

Akatia sahihi. Sikutarajia kwamba karatasi ndogo kama ile ingenipa usingizi, lakini nililala usiku ule.

Mwenye duka la jumla hakunikubalia hivyo. Aliniambia hatanikopesha hata kibiriti mpaka nipunguze, na simlaumu, naye ana wake wanaomdai. Tukakubaliana nikinunua mfuko wa unga kwa pesa taslimu, naongeza 500 juu yake ya deni. Mfuko hadi mfuko, deni likawa linashuka bila mimi kulihisi sana. Mzee wa nazi nilizungumza naye kwa simu. Yeye alisema nimletee mteja mwingine wa nazi na atanisubiri. Nilimletea wawili.

Kwa wanaodaiwa na mimi, nilituma ujumbe mmoja kwa wote: asiyeweza asinikimbie, anayeweza atume hata shilingi 50. Hapa niseme jambo lililotufaa kweli watu wa biashara ndogo. Tangu katikati ya Machi, ada za M-Pesa kwa pesa isiyozidi 1,000 zilikuwa zimeondolewa. Zamani mtu alifikiri mara mbili kabla ya kutuma pesa ndogo akakatwa ada juu yake. Sasa zilikuwa zinaingia: hamsini, mia, sabini. Serikali ilipunguza pia kodi ya VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili, lakini mimi sikuiona tofauti hiyo jikoni kwangu. Ile ya M-Pesa niliiona kila siku.

Sasa, kupika. Amri ilisema mikahawa yote ndani ya eneo lililofungwa isimame, kwa hiyo baraza nilifunga. Nikamuuliza mzee wa mtaa kama naweza kupika ndani nikapeleka kwa majirani. Akasema pika, lakini asionekane mtu amesimama mlangoni kwako. Basi vijana wawili wa uchochoroni wakawa wanagawa kwa vikapu, nyumba kwa nyumba, na mimi nikapika kidogo: mbaazi, mahamri, uji wa pilipili manga. Bei niliishusha hadi ikanirudishia mtaji na kitu kidogo tu. Wiki ya kwanza nilikuwa na nyumba saba.

Mlango ulifunguka mahali ambapo sikuwa nimepatazama. Kijana wa jirani yangu anafanya kazi Muscat. Naye huko alikuwa amefungiwa, mji wao pia hauingiliki. Alinipigia akaniambia, "Khalati, mamangu yuko peke yake juu ghorofani, magoti hayampi kushuka. Mpikie futari na daku, kila Ijumaa nitakutumia." Tukapatana 300 kwa siku kwa nyumba. Nilimpelekea chakula mwenyewe siku ya kwanza, nikampiga picha akiwa na sinia mbele yake, nikamtumia mwanawe. Picha ile ilizunguka kwenye kundi lao la WhatsApp. Kabla ya Idd nilikuwa napikia nyumba 23, zinazolipiwa na watoto walioko Muscat, Dubai, Jeddah na London.

Ninataka kulieleza hili vizuri, maana watu hudhani ni msaada. Wale watoto walikuwa wakituma pesa kwa wazee wao miaka yote. Mwaka ule pesa zilifika, lakini bibi wa miaka 80 angezifanyia nini, na mjukuu wa kumwendea sokoni yuko Kisauni, nje ya kizuizi? Mimi nilikuwa ndani, nina karai, nina vijana wawili wenye miguu. Kila sahani niliipika kwa anayekula: wa sukari hana mahamri, wa presha mbaazi zake hazina chumvi. Niliandika kwenye daftari la tatu, dogo, la shule. Nyumba 23 zikawa zinaingiza shilingi 6,900 kwa siku, na baada ya unga, mafuta, gesi na vijana, kilichobaki hakikupungua 1,500. Siku 15 zilipoongezwa mpaka Juni, wengi walilia. Mimi nililia pia, kwa kuwachoka wanangu wenyewe ndani ya vyumba viwili, lakini jiko lilikuwa linajilipa.

Tarehe 6 Juni eneo letu likafunguliwa, na kafyu ikasogezwa hadi saa tatu usiku. Nilidhani siku ya pili barabara itajaa. Haikujaa. Jina la Mji wa Kale lilikuwa limeshatiwa hofu. Watu wa nje walitaja mtaa wetu kama vile ugonjwa wenyewe ulizaliwa hapa. Mteja wangu wa miaka minane wa Nyali aliniambia kwa upole, "Bi, bado naogopa kuja huko." Nikamjibu, "Usije. Nitakuletea."

Ndipo nilipoingia kwenye chakula cha kugandisha. Chama chetu cha wanawake 12, cha kuchangiana pesa kwa zamu, kilikuwa kimekaribia kuvunjika Aprili. Badala yake tulishusha mchango kutoka 1,000 hadi 500 kwa wiki. Zamu yangu ilipofika Septemba nikapata michango ya wiki nne, 24,000, nikanunua friza ya mtumba kwa 19,000. Sambusa 200 za kwanza ziliharibika. Nilizifunga nyama ikiwa ya vuguvugu, manda zikatoa jasho, nikazitia friza kwenye mfuko mmoja, asubuhi ikawa ni jiwe. Kwa anayetaka kujaribu: nyama ipoe kabisa, ikauke, na kitunguu kikamuliwe maji. Sambusa zipangwe kwenye sinia zisigusane, zikishashika ndipo zifungwe 25, 25. Chapati zigeuzwe upande huu na huu bila kutiwa mafuta, zipoe, kati ya moja na nyingine uweke karatasi ya nailoni. Bodaboda nayo ilinila faida mpaka nilipojifunza kukusanya oda: Nyali ni Jumanne na Ijumaa tu, asiyeweza kungoja atanisamehe.

Ramadhani ya 2021 ilitukuta bado na kafyu, saa nne usiku, lakini baraza lilikuwa wazi na mpwa wangu amerudi kutoka Likoni. Kufikia mwezi wa nane nilikuwa nimemaliza duka la jumla na nazi. Kodi ya nyuma iliisha Novemba. Katikati hapo, tarehe 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, Rais Uhuru Kenyatta akaiondoa kafyu. Usiku ule nilichoma viazi mpaka saa sita, watu wamesimama tu barabarani wanazungumza, hawataki kwenda kulala. Mwaka uliofuata mafuta ya kupikia yakapanda bei hata nikafikiri kuacha bhajia kabisa, na hiyo ni habari nyingine, lakini friza ndiyo iliyonivusha hapo pia.

Si kila kitu kilirudi. Dada aliyekuwa akinisaidia na vyombo alikwenda kwao Malindi Mombasa ilipofunguliwa kwa wasafiri Julai 2020, hakurudi. Wateja wa tarawehe hawajafika nusu ya waliokuwapo. Na daftari la 38,000 lilibaki na majina manne. Mmoja alifariki mwaka uleule. Deni lake la 850 nililifuta na nikawaambia jamaa zake ili roho zao zitulie. Wawili walihama. Wa nne ni mzee wa hapa hapa, muongoza watalii wa zamani, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akizunguka uchochoro wa nyuma, wenye maji machafu, ili asipite mbele ya baraza langu. Deni lake lilikuwa 1,300.

Niliposikia kwamba aliteleza huko akaumia mkono, nilimpelekea mbaazi na mahamri manne, na lile daftari kwapani. Nikamwonyesha jina lake, nikalikata kwa kalamu mbele yake. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata alipita mbele, mkono umefungwa bandeji, akaketi barazani, akaagiza chai, na akalipa kabla haijamiminwa.