Ramani ya handredi za Australia Kusini: mstari wa Goyder umeingia

Tabaka la mstari wa Goyder, mpaka kati ya ardhi ya kilimo na ya malisho tu, limekamilika, na kwa mara ya kwanza ramani yangu inaonyesha nilichokuwa nikikitafuta.

Kwa mnaoanza kufuatilia: koloni la Australia Kusini lilikata ardhi yake kwa kaunti, kaunti kwa handredi, na handredi kwa viwanja vyenye namba. Kaunti za kwanza zilitangazwa 1842, handredi zikafuata 1846. Handredi moja ilikusudiwa kuwa na maili za mraba 100 hivi, na viwanja vingi vya mwanzo vilikuwa vya ekari 80. Handredi zipo zaidi ya 500, na hatimiliki za huko zinazitaja mpaka leo. (Usajili wa hati wa Torrens, ambapo daftari la serikali ndilo ushahidi wa umiliki, uliofika hadi Kenya, ulianzia hukohuko mwaka 1858.)

Sasa mstari wenyewe. Mwaka 1865, baada ya ukame mkali, mpima ardhi mkuu George Goyder alizunguka kwa farasi akisoma mimea: wapi mikalitusi mifupi inakoma, wapi vichaka vya nchi kavu vinaanza. Kaskazini ya hapo, alisema, ni malisho tu. Sheria ya 1872 ilifuata ushauri wake, ikazuia kuuza viwanja vya kilimo kaskazini ya mstari. Kisha mvua zikanyesha vizuri miaka michache, wenye njaa ya ardhi wakapiga kelele, na 1874 kizuizi kikaondolewa.

Handredi zilizotangazwa kaskazini ya mstari baada ya mwaka huo nimezipaka nyekundu. Zinapanda kuelekea Quorn, Hawker na safu za Flinders, zikiwa zimepangwa vizuri kana kwamba mvua nayo imepimwa kwa mnyororo wa mpima ardhi. Mbali zaidi kaskazini upo mji wa Farina, uliopimwa 1878 na kupewa jina la Kilatini la unga kwa matumaini ya ngano. Leo ni magofu. Ukame ulioanza 1880 uliwarudisha wakulima wengi kusini, familia zikiacha nyumba za mawe walizojenga kwa mikono yao. Nikitazama wekundu ule nawahurumia, maana onyo lilikuwepo kwa maandishi.

Kazi inayofuata ni nzito zaidi: tabaka la nchi za wenyeji wa asili: Wangadjuri, Wanukunu na Waadnyamathanha. Hati ya kifalme ya 1836, iliyoanzisha koloni, ilitambua haki ya wenyeji kukaa kwenye ardhi yao, lakini wapima walikata viwanja kana kwamba hapana mtu. Mipaka ya wenyeji sitaichora kwa mistari iliyonyooka. Najaribu rangi zinazofifia na kuingiliana, na nitaanzia kwa Wangadjuri.