Kamashine kadogo, lakini kufua kanafua!

Pale kwa mama mkubwa, Kadutu, hapa Bukavu, mashine ya kufulia ya zamani ya Hoover bado inafanya kazi, aina ile iliyoanza kutengenezwa Merthyr Tydfil, Wales, mwaka 1948. Fupi, haifiki kiunoni. Ndani hakuna nguzo ya katikati: ubavuni kuna kisahani chenye mapezi, kinasukuma maji kwa nguvu mpaka nguo zinajiviringa zenyewe. Dakika nne tu, shuka nyeupe pe! Ukizidisha, vikwembe vinasokotana kama kamba, na sweta la sufu usithubutu. Kukamua ni kwa mkono, kati ya roli mbili za mpira (muchunge vifungo). Maji unamimina kwa ndoo, kwa hiyo bomba likikauka, na Bukavu tunajua linavyokauka, yenyewe inafua tu. Hizi mpya zinabaki kungoja presha ya maji.