Ndugu akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu: simu ipigwe lini

Mtu ambaye figo zimeshindwa kazi na anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, kwa muda wa takriban saa 4 kila mara, hurudi nyumbani hoi. Jioni hiyo mwacheni alale. Pigeni kesho yake, mmoja kwa zamu, dakika 10 zinatosha. Ulizeni waziwazi: wiki 2 hizi umekosa hamu ya mambo unayoyapenda? Umekata tamaa? Ikiwa ni siku nyingi, msaidieni amweleze muuguzi wa kitengo. Akisema anataka kuacha mashine, muuguzi ajue siku hiyohiyo.

Anayemuuguza apigiwe peke yake, maana mbele ya mgonjwa hatakiri kuchoka. Pole tupu hazimpumzishi. Aliye karibu ashike zamu moja ya hospitali.

Na tafadhali, msitume dawa za mitishamba kwenye kundi la WhatsApp: baadhi zina potasiamu nyingi, madini ambayo figo zake haziwezi kuyatoa vizuri, nayo ikizidi, moyo unaweza kusimama.