Fuata ardhi, usifuate jina

Baba mzazi wa nkambo yangu (mzazi wa mzazi wangu) alikuwa Mwairishi wa kaunti ya Roscommon. Alikuja Katanga na kazi ya reli, ile iliyopanda kutoka Rhodesia ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Alifariki nkambo akiwa bado mtoto, na alichomwachia ni kitabu cha sala. Ndani ya jalada kuna maneno matatu ya wino, moja chini ya lingine: jina la taunilandi (kipande kidogo cha nchi), la parokia, la kaunti. Familia nzima ilikuwa ikiyasoma kama maombi. Mimi ni mpima ardhi, mchana kutwa niko na mita na mawe ya mpaka katika parseli za Kampemba na Ruashi, hapa Lubumbashi. Nilipokishika kitabu kile niliona anwani ya kadasta, yaani ya daftari ya viwanja na mipaka.

Ayalandi imegawanywa katika taunilandi zaidi ya 60,000. Kila moja ni kipande cha nchi chenye jina na mpaka, kidogo kuliko parokia. Ukiwa na jina la ukoo peke yake utapotea, kwa sababu majina yanajirudia nyumba kwa nyumba: baba Patrick, mwana Patrick, binamu Patrick. Kiwanja hakina pacha. Ndiyo maana nasema fuata ardhi, majina yatakuja yenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kushika njia hii. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu za serikali pale Four Courts, Dublin, ililipuka ikaungua, na karatasi za karne nyingi zikaenda nayo. Kilichookoka kwa wingi ni karatasi za kodi. Mtoza kodi alitaka kujua nani analima wapi na atalipa kiasi gani. Kwa hiyo hata mtu ambaye hakuwahi kumiliki kitu aliandikwa, kwa jina na kwa kipimo.

Kati ya 1847 na 1864 Richard Griffith na watu wake walikadiria thamani ya ardhi na nyumba za Ayalandi nzima, shamba kwa shamba. Daftari zao zinasomwa bure kwenye intaneti. Nilizifungua usiku, wakati mega za intaneti ni bei nafuu. Kila mstari una namba ya ramani, jina la mkaaji, jina la aliyempangisha, maelezo ya mali, ukubwa, kisha thamani. Ukoo wetu uko namba 7: nyumba, banda na ardhi, eka 11, rudi 2, pechi 20 (rudi ni robo ya eka, pechi ni sehemu moja ya arobaini ya rudi). Nikapiga hesabu kwa kipimo chetu: hekta 4, ari 70, sentiari 45 (ari ni mita za mraba 100, sentiari ni mita ya mraba moja). Wengine huguswa na picha za wazee wao. Mimi niliguswa na hizo sentiari 45, kwa sababu mtu mwenye ukingo wa shamba unaopimika hawezi kuwa hadithi.

Halafu macho yakaenda kwenye safu ya aliyepangisha. Jina la bwana mmoja, mstari baada ya mstari, hadi chini ya ukurasa. Hakuna hata mkaaji mmoja aliyekuwa na chake.

Ramani za Ayalandi zinafurahisha sana kwa mtu wa kazi yetu. Za kwanza za Ordnance Survey, idara ya serikali ya kupima ramani, kwa skeli ya 1:10,560, zinaonyesha visima, tanuru za chokaa, hata maboma ya udongo ya watu wa kale. Za baadaye ni 1:2,500 na zinaonyesha kila uzio. Lakini angalia: ramani zinazoambatanishwa na daftari ya Griffith mtandaoni mara nyingi ni za miaka ya baada yake, wakati namba zilikuwa zimebadilishwa. Linganisha kwanza umbo la mashamba, barabara na mto, ndipo uamini namba.

Baada ya Griffith makarani waliendelea na daftari za masahihisho. Jina la zamani lilikatwa, jipya likaandikwa juu kwa wino wa rangi nyingine, mwaka ukawekwa pembeni. Ziko Dublin, na nakala zinaagizwa. Agiza za rangi, maana rangi moja ni marekebisho ya mwaka mmoja. Kwenye namba 7 nilimwona mzee, kisha mjane wake, kisha mwana, kisha mjukuu. Kwa mjukuu umegongwa muhuri L.A.P., yaani shamba limenunuliwa kwa sheria za ardhi. Sheria ya Wyndham ya 1903 iliwakopesha wapangaji fedha za kununua, wakalipa asilimia 3.25 kila mwaka kwa miaka 68 na nusu.

Mjukuu huyo ni kaka mkubwa wa mtu wetu, yule baba wa nkambo. Sensa ya 1901 inawaonyesha wote nyumbani, mdogo ana miaka 17, anajua kusoma na kuandika. Katika ile ya 1911 mdogo hayupo. Mwaka huo wanawake walioolewa waliulizwa wamezaa wangapi na wangapi wako hai, na mama yao alijibu tisa, saba. Mmoja wa hao saba alikuwa tayari huku kwetu. Hekta 4 na ari 70 hazigawanyiki kwa ndugu saba: kaka akabaki na shamba na deni, mdogo akapata nauli.

Shangazi aliniuliza, “Sasa, mwanangu, kule Ulaya tuko na shamba?” Nikamjibu, “Hapana, shangazi. Tuko na mahali tulipotoka.” Akanyamaza kidogo, akauliza: “Na mahali pa mama yake nkambo? Umepapima?”

Sijapapima. Mama yake nkambo alikuwa Mlamba wa upande wa Kipushi, na huko hakupita Griffith yeyote. Amri ya 1 Julai 1885 ilifanya ardhi iliyoitwa tupu kuwa mali ya Dola Huru ya Kongo, na kuanzia 1900 Comité Spécial du Katanga, chombo cha Dola na kampuni, ikawa inasimamia ardhi ya Katanga. Mpangaji wa Roscommon, pamoja na unyonge wake, aliandikwa jina na pechi 20. Walamba waliolima hapa hawakuandikwa mstari wowote. Hilo linaniuma, na siwezi kuliacha hivyo.

Mpaka wao wanaujua wazee: mto, vichuguu vikubwa, mti uliokuwa wa chifu. Mzee mmoja amekubali kunitembeza mvua zikiisha. Nitabeba GPS na daftari, yeye atataja, mimi nitaandika.